Kukatishwa Tamaa na Kutunzana: Funzo la Akina Mama wa Uhuru Park

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, mpaka imekuwa kama chumvi, kila mchuzi imo. Leo nataka kuieleza kwa kisa cha kweli kilichotukia hapa hapa kwetu Kenya, ili tuone jinsi watu wanavyoweza kushikana siasa za nchi zinapogeuka shubiri.

Nina sababu ya kuchagua mada hii. Siku hizi ukisimama na vijana kwenye steji ya matatu, au hata hapa shuleni wakati wa chakula cha mchana, hutakosa kusikia mtu akisema, "Wacha tu, hii nchi ina wenyewe." Mwingine naye atadakia, "Tusome tusisome, yote ni mamoja." Maneno haya huanza kama mzaha. Lakini mtu akiyarudia kila siku, mwishowe huyaamini. Daftari linafungwa, shule inaachwa, na jirani akilia hakuna anayetoka nje kuuliza kuna nini.

Kwanza tuitazame lugha yetu yenyewe. Sisi husema "kukata tamaa". Kitu hakikatwi ila kilikuwa kimeungana. Ni kama kamba iliyomshikilia mtu, kisha ikakatwa. Sasa kumbukeni somo la mnyambuliko wa vitenzi. Kuna kukata tamaa, na kuna kukatisha tamaa. Hiyo "-isha" ni kauli ya kutendesha: yuko anayekufanya utende. Hapa ndipo penye siri ya mambo yote. Katika nyakati mbaya za siasa, aghalabu watu hawakati tamaa tu wenyewe, bali hukatishwa. Mtawala anayeogopa raia wake hana haja ya kumfunga kila mmoja. Akiwafanya waogopane na kila mtu ajione yuko peke yake, kazi yake imekwisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchini mwetu katika miaka ya 1980. Mwezi wa Juni 1982 Katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kuanzia 1986 watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa kuwa wanachama wa kundi la siri la Mwakenya. Walimu wa vyuo vikuu, wanafunzi, wakulima na waandishi walipelekwa katika vyumba vya chini ya jumba la Nyayo House, Nairobi, wakateswa. Wengine waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka wa 1988 watu walipiga kura za mchujo kwa kupanga foleni hadharani, ile iliyoitwa mlolongo, kila mtu akionekana anamwunga nani mkono. Nyanya yangu huniambia kuwa siku hizo, mkitaka kuzungumza siasa nyumbani, mliongeza sauti ya redio kwanza ili jirani asisikie. Hebu fikirini! Jirani yule yule mliyekopeshana unga ndiye mliyemwogopa. Hiyo ndiyo "-isha" ninayoizungumzia.

Basi ikafika Desemba 1991. Baada ya mashinikizo ya raia na ya mataifa ya nje, kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa, vyama vingi vikaruhusiwa tena. Lakini watu waliofungwa kwa sababu za kisiasa walikuwa bado gerezani. Mama zao wakajiuliza swali rahisi sana: ikiwa jambo walilolidai watoto wetu sasa limekuwa halali, mbona wao bado wamefungwa?

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama hao, wengi wao wazee waliotoka mashambani, walikwenda kwa Mkuu wa Sheria kupeleka ombi lao. Walidai wafungwa 52 waachiliwe. Pamoja nao alikuwa Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement. Waliambiwa warudi nyumbani wangoje. Hawakurudi. Walikwenda Uhuru Park, wakaketi kwenye nyasi na kususia chakula, wakisema watawangojea watoto wao papo hapo. Pembe hiyo ya bustani ikaja kuitwa Freedom Corner.

Ninaposoma habari hii, ninaona mambo matatu waliyoyafanya akina mama hawa. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo yaliyowazuia kukata tamaa.

Jambo la kwanza, waliketi pamoja. Kabla ya siku hiyo, kila mama alikuwa na msiba wake nyumbani kwake. Jirani wengine walimwepuka, maana kuonekana na mama wa "mhalifu" kulikuwa hatari. Lakini alipoketi karibu na mwenzake aliyefungiwa mtoto kama yeye, aligundua kuwa hana laana wala bahati mbaya. Tatizo halikuwa lake peke yake. Mzigo ukabaki ule ule, ila mabega yakaongezeka.

Jambo la pili, walisimulia. Watu wa mjini walianza kuja kuwatazama, kisha wakaketi nao. Baadhi ya waliokuja walikuwa wameteswa zamani na hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Pale bustanini wakasimama mbele ya umati wakaeleza waliyotendewa. Donda lililofunikwa huoza, ndugu zangu. Yule aliyedhani ni yeye tu aliyepigwa alisikia mwingine akisimulia mambo kama yake, na ile hofu ya redio yenye sauti kubwa ikaanza kupungua.

Jambo la tatu, waliombeana kitu kimoja kilichojulikana. Hawakusema, "Tunataka dunia iwe njema." Walisema, "Tunataka watoto wetu 52." Na kila mmoja aliwadai wote, si wake pekee. Mtu akiwa na jambo dogo lililo wazi la kufanya leo, hata kama ni kuketi tu na kukataa kuondoka, hapati nafasi ya kuzama.

Msidhani lakini kwamba mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. La hasha! Tarehe 3 Machi 1992 polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Profesa Maathai alipigwa hata akazirai, akakimbizwa hospitalini. Baadhi ya akina mama wazee walivua nguo zao mbele ya polisi. Kwa mila nyingi za hapa kwetu, mama kumvulia nguo kijana aliye rika la mwanawe ni laana kubwa, na wao hawakuwa na silaha nyingine. Bustani ikazingirwa na askari.

Ungetarajia hapo ndipo hadithi ingeishia. Lakini kando ya Uhuru Park kuna Kanisa Kuu la All Saints. Akina mama wakaingia huko, na kanisa likawapokea. Walikusudia kukaa muda mfupi, ila walikaa karibu mwaka mzima. Mwaka mzima, wanafunzi wenzangu! Sisi muhula wa wiki kumi na tatu tunauona mrefu. Mwezi wa Juni 1992 wafungwa wanne waliachiliwa, na mama zao hawakusema, "Wetu wametoka, kwaherini." Madai ya wote yaliendelea. Mapema mwaka wa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wamebaki walikuwa huru. Wangari Maathai alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Akina mama wengine wengi hawakupata tuzo yoyote. Walipata watoto wao.

Pengine msomaji atauliza, "Je, aliye peke yake kabisa, asiye na wa kuketi naye?" Ni swali zuri, na jibu lake limo katika fasihi yetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka wa 1969 kwa kuandika makala ya kuikosoa serikali, akakaa gerezani hadi 1972, muda mwingi akiwa ametengwa na wenzake. Aliandika mashairi kwenye karatasi za msalani, nazo zikatolewa nje kwa siri. Mwaka wa 1973 yakachapishwa katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Sisi hulisifu jina lake tu. Mimi humwaza pia yule asiyetajwa aliyezitoa karatasi zile nje ya kuta. Bila mkono huo, sauti ingebaki ndani. Kwa hiyo hata aliye peke yake aliokolewa kwa mikono miwili: wake na wa mwenziwe.

Wala haya si mambo ya kale tu. Juni 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili, vijana waliandamana kote nchini kuupinga Mswada wa Fedha. Makumi ya watu waliuawa. Siku ile ya tarehe 25 Msikiti wa Jamia, Nairobi, ulifungua milango, na wahudumu wa afya waliojitolea wakawatibu majeruhi humo bila kuuliza dini wala kabila. Wakenya wasiojuana walichanga pesa kwa simu ili kulipia hospitali na mazishi. Miaka 32 kabla ya hapo lilikuwa kanisa. Sasa ulikuwa msikiti. Mlango ni ule ule.

Darasani mwetu kulikuwa na msichana ambaye kaka yake alipigwa risasi ya mguu wakati huo. Hakuja shule wiki mbili. Alipokuja siku moja kuchukua vitabu vyake, alituambia kwamba haoni faida ya masomo, kwa kuwa kaka yake alikuwa amesoma na bado hakuna aliyemthamini. Hatukuwa na hotuba ya kumpa. Tuligawana kazi: wawili walimnakilia Hisabati na Kemia, mmoja aliyekuwa jirani yao akapita kwao kila jioni, na wengine wakachanga kidogo kidogo, shilingi kumi, shilingi ishirini, akanunuliwa kaka yule sukari na maziwa. Sisemi kuwa tulimponya. Risasi haiponywi kwa maziwa. Lakini msichana huyo yuko nasi Kidato cha Tatu, na juzi alinishinda katika mtihani wa Kiswahili!

Labda mtu atasema kuwa kutunzana ni kukwepa ukweli, kwamba tunapeana chai badala ya kudai haki. Sikubaliani naye. Akina mama wa 1992 walitunzana ili wapate nguvu za kudai, na walidai ili wapate kuendelea kutunzana. Anayedai peke yake huchoka upesi. Na wanaopeana chai bila kudai chochote watapeana chai hiyo hiyo mpaka kiama.

Basi narudi kwenye sarufi. Dawa ya "-isha" ni "-ana", kauli ya kutendana: kuonana, kusikizana, kutunzana, kungojana. Kauli hii haitendwi na mtu mmoja. Huwezi kusema "ninatunzana" ukiwa peke yako chumbani, mwalimu atakukata alama. Sharti wawe wawili au zaidi.

Shime, wanafunzi wenzangu! Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati: kila jioni tunarudi mitaani tukapita milango mingi. Mwenzako akikosa shule siku tatu, pita kwao. Akisema "wacha tu", usiwache. Muulize amekula nini, kisha muulize analotaka kubadilisha ni lipi, mlifanye pamoja hata likiwa dogo kama punje ya mtama. Wanaotaka kutukatisha tamaa wanategemea tusijuane. Nasi tujuane.