Limbukeni wa Kompyuta na Majina Yake

Kila ufundi una ngazi zake, na kila ngazi ina jina. Sisi wa pwani twamjua mwanagenzi, ajifunzaye kazi chini ya fundi. Twamjua pia limbukeni, aliyepata jambo jana na leo ataka mji mzima umtazame. Hata chuoni, aliye katika alifu na be hahesabiwi sawa na aliyekhitimu.

Wapenzi wa kompyuta nao wana msamiati wao, uliokulia Marekani katika vyuo vya MIT na Stanford. Mwaka 1975 Raphael Finkel wa Stanford alianza kuukusanya, na mwaka 1983 ukatoka kitabuni kwa uhariri wa Guy Steele. Wao hujiita haka, yaani fundi apendaye kuijua mashine mpaka uvunguni. Sisi leo twamwita mdukuzi, jina lenye harufu ya wizi. Lakini wao mvunjaji wa milango humwita kraka.

Je, anayeanza huitwaje? Jina la upole ni nyubi, yaani mgeni. Akizama kazini asijali kula, kulala wala kuoga, akakaa mbele ya mashine saa 36 mfululizo, husemwa yumo katika hali ya buu. Hali hiyo, wanasema, huchukua miezi 6 hata miaka 2. Ni dhihaka, lakini ina matumaini ndani yake: buu huja akaota mbawa.

Mbaya wao ni skripti kidi, kitoto kiendeshacho programu za wenziwe bila kuzielewa, kisha kikajigamba. Februari 2000 kijana wa miaka 15 huko Kanada alizilemaza tovuti za Yahoo, CNN, eBay na Amazon. Wengi walimtia katika kundi hili. Huyo ndiye limbukeni wetu hasa, nami simtetei.

Ila liko neno moja linikeralo. Huko MIT, yapata 1975, mashine ilimwambia kila aingiaye idadi ya watumiaji waliomo. Mtani mmoja akaibadili iseme "washinde" badala ya "watumiaji". Mwingine akarudisha, wa tatu akabadili tena, hata wakasuluhiana kwa kuyaunganisha maneno hayo mawili kuwa moja. Tangu hapo, kila asiye fundi akawa mshinde.

Hapo ndipo mzaha ulipopotoka. Skripti kidi atwezwa kwa majivuno yake; huyu mwingine atwezwa kwa kutojua tu, na kutojua ndiko mlango tulikopitia sote. Mtoto akichekwa siku ya kwanza, ya pili hatauliza. Basi tunapowafunza vijana wetu mashine hizi, jina tunalo tayari, mwanagenzi, nalo halimvunji mtu uso:

Mgeni usimtweze, chuoni aingiapo,
Herufi na umfunze, hadi juu afikapo.