Tumwone Mwenzetu Angali Hai



Mwenzetu akifa tunajua la kufanya. Mchango hukusanywa getini siku ya mshahara, gari hukodiwa, na watu husafiri usiku kucha kwenda kuzika. Hilo ni jambo jema na lisiachwe. Lakini mwenzetu huyo huyo alipokuwa amelala miezi minne nyumbani kwao, akiulizia habari zetu, nani alipewa nauli ya kwenda kumwona? Naliuliza swali hili kwa sababu nimesafiri hadi Onduparaka kumtazama rafiki yangu mgonjwa, na nimeona kazi ambayo safari ya namna hiyo inaweza kufanya.

Wengi mnajua kwa nini safari zetu ni ndefu. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930. Watu wa kukata miwa walitafutwa mbali, na serikali ya kikoloni iliifanya West Nile kuwa mahali pa kuchukua vibarua na askari. Tangu hapo mtu wa huko amezoea kutoa jasho upande mmoja wa nchi na kuugua upande mwingine. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Basi la usiku huvuka Nile pale Karuma, likaivuka tena Pakwach, ndipo lipande kuelekea Nebbi na Arua. Onduparaka iko nje kidogo ya mji. Vijana wanaijua kwa timu yake ya mpira.

Rafiki yangu tulikata miwa pamoja miaka kumi na mmoja. Alikuwa na saratani ya ini. Nilichukua siku tano katika likizo yangu ya mwaka; mbili zikaliwa na barabara, tatu nikakaa naye. Asubuhi, nguvu zilipokuwapo, tuliketi chini ya mwembe. Hakutaka kuzungumza habari za ugonjwa. Aliuliza nani sasa anashika nafasi yake kwenye kamati ya tawi, na kama mzani wa miwa umetengenezwa. Nilipomwambia bado, alicheka mpaka akashika ubavu. Mchana alikula matonge mawili tu ya enyasa, ule ugali wa muhogo na mtama, kisha akalala. Siku ya tatu aliniomba nimnyoe ndevu.

Usiku maumivu yalimzidi, na jamaa zake walikuwa wakimpa vidonge vya dukani. Mimi na kaka yake tukaenda hospitali mjini kuuliza. Ndugu zangu, jueni jambo hili: Uganda hutengeneza dawa ya maji ya mofini kwa maumivu makali kama hayo, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa. Katika hospitali za serikali hutolewa bure. Alipoipata alilala hadi alfajiri, na mkewe pia akalala.

Kazi ya pili ilikuwa ya makaratasi. Akiba yake ya NSSF ilikuwa haijadaiwa. Mwanachama aliyeugua hata hawezi tena kujipatia riziki ana haki ya kudai akiba hiyo bila kungoja uzee. Nilikuwa nimebeba nakala za hati zake za mshahara, tukajaza fomu yeye mwenyewe akiwa na akili timamu na mkono wa kutia sahihi.

Tulipoagana hakuna aliyemdanganya mwenzake kwamba tutaonana Krismasi. Alinishika mkono muda mrefu akasema, "Wasalimie wa kamati. Waambie mzani." Alifariki baada ya wiki tano. Mazishi sikuyawahi. Shemeji alinipigia simu akaniambia, "Usijilaumu. Ulikuja alipokuwa bado anakujua."

Sasa tutazame haki zetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukiendelea hata mwezi wa pili ukaisha, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha kazi. Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21. Siku ya kwenda kumwona rafiki mgonjwa haimo katika sheria. Ikitakiwa, ni sisi wa kuidai katika mapatano na waajiri.

Kwa hiyo naleta mambo matatu yajadiliwe katika mikutano ya matawi. Kwanza, sehemu ya fedha tunazotenga kwa rambirambi iwe nauli ya mjumbe mmoja au wawili kwenda kwa mwanachama mgonjwa sana, mapema, kabla hajapoteza fahamu. Pili, mjumbe huyo abebe hati za mshahara na namba ya NSSF ya mgonjwa, na aulize juu ya dawa ya maumivu. Tatu, katika mapatano yajayo tudai siku chache zenye malipo kwa safari hizo.

Na ule mzani bado haujatengenezwa. Nao uwekwe kwenye ajenda.