Usaili wa Intaneti ni Mtihani wa Amana

Ndugu msomaji, nchini Tanzania maombi ya kazi serikalini hupitia Ajira Portal, na waajiri wengi siku hizi husaili kwa intaneti. Hapo ndipo shetani humnong'oneza kijana: mwachie kaka yako akujibie maswali, nani atakuona?

Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipenyeza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini. Akamkemea muuzaji, akajitenga na kila mdanganyifu. Alama za kuazima ni nafaka kavu ya juu. Unyevu hudhihirika siku ya kwanza kazini.

Basi jiandae kwa halali. Fanya mazoezi ya hesabu na mantiki kwa kupima muda. Jaribu kamera na kipaza sauti mapema, hakikisha chaji na mtandao, vaa kwa heshima. Nanyi wazazi, watulizeni wadogo saa hiyo.

Ukiulizwa uwezo wako, usiufiche. Nabii Yusuf (A.S.), katika aya ya 55 ya sura yake, alimweleza mfalme wa Misri uaminifu na ujuzi wake. Useme ulio nao, usizidishe.

Riziki iko kwa Allah (S.W.), haitafutwi kwa hila. Wabillahi tawfiq.