Je, Wajua? Makocha wa Mieleka ya Sekondari

Sogea, tubanane hapa hapa benchini, leo nina mieleka. Si ile ya kwenye runinga ya kurushiana viti! Hii ni ya wanafunzi wa sekondari Marekani, na walionivutia mimi ni makocha wao.

Je, wajua kuwa kwenye mchezo huo ukimlaza mwenzako chali na kuyabana mabega yake mkekani kwa sekunde 2 tu, umemaliza kazi? Sekunde 2! Hata "shikamoo, marahaba" haijaisha. Chuo kikuu ndiyo balaa: sekunde 1.

Wajua kuna shule iitwayo Granby, mjini Norfolk, jimbo la Virginia, ambayo chini ya kocha Billy Martin ilitwaa ubingwa wa jimbo mara 21 katika miaka 22? Usipite haraka hapo, soma tena: 21 kwa 22. Huo mwaka mmoja uliobaki, sijui waliomshinda walichinja ng'ombe wangapi.

Na wajua jina la shule hiyo limegeuka kuwa jina la mbinu? Ngoja nikuonyeshe. Uko chini, magoti na viganja mkekani, jamaa kakukumbatia kiuno kwa nyuma na haachii. Ghafla unashusha bega moja, unarusha kiuno juu na kubingirika kama mtoto apigaye kichwangomba, ila wewe unapitia mabegani. Jamaa akija kushtuka, amekumbatia hewa! Siku hizi hata wacheza jiujitsu ya Brazili wanaitumia, na naapa wamo wanaodhani Granby ni jina la mtu.

Haya, twende Waterloo, jimbo la Iowa. Wajua kocha Bob Siddens wa shule ya West aliwahi kushinda mapambano 88 ya timu mfululizo, na kubeba ubingwa wa jimbo mara 11?

Miongoni mwa vijana wake alikuwamo Dan Gable. Sekondari alipanda mkekani mara 64 akashinda 64. Mwaka 1972 kule Munich akachukua dhahabu ya Olimpiki bila kumpa mpinzani hata pointi 1! Unatikisa kichwa? Bado. Akageuka kocha wa Chuo Kikuu cha Iowa, akatwaa ubingwa wa taifa mara 15 katika misimu 21.

Umechoka? La mwisho, nakuomba. Shule ya Brandon, Florida, ilishinda mapambano 459 ya timu bila kupoteza hata moja. Kocha Russ Cozart aliukuta mfululizo huo njiani, akauendeleza kwa miaka na miaka, hadi Januari 2008 shule ya South Dade ilipowapiga mweleka. Na wajua nini? Wale vijana wa Brandon walioshindwa siku hiyo, shule yao ilipopoteza pambano kabla ya hapo, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa.