Kuacha sigara: nusu dozi ndiyo ghali kuliko zote

Kabla ya kuuliza bei ya dawa, piga hesabu ya moshi. Tuseme sigara moja ni Sh200 nawe unavuta 10 kwa siku: ni Sh60,000 kwa mwezi, Sh730,000 kwa mwaka. Ukiwa Kiloleli, mkoani Simiyu, weka bei ya duka lako. Anayenunua moja moja haoni fedha ikiondoka, kwa hiyo jumla hiyo ndiyo kipimo cha kila njia hapa chini.

Kuacha peke yako. Hulipi chochote. Lakini katika kila 100 wanaoacha bila msaada, baada ya miezi sita hadi mwaka ni 3 hadi 5 tu ambao hawajarudi. Usijione mdhaifu: nikotini hujenga uteja, na arosto hukaba zaidi siku tatu za mwanzo, kisha hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne.

Ushauri wa zahanati. Hapa unalipia nauli, na ada ya kumwona mganga kama ipo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kila mtoa huduma amshauri mvutaji, hata kwa dakika chache, maana mazungumzo mafupi nayo husaidia. Omba mpange tarehe ya kuacha, mtaje vishawishi vyako, na upewe siku ya kurudi. Anayehudhuria kliniki ya kifua kikuu au ya VVU (CTC) aulize siku hiyohiyo, nauli ameshailipa.

Nguvu ya ibada. Waadventista wana mpango wa jioni tano mfululizo, ulioasisiwa Marekani na mchungaji Elman Folkenberg na daktari J. Wayne McFarland, ukaenea duniani miaka ya 1960. Mwulize mzee wa kanisa kama wanaweza kuuandaa. Faida yake ni kuacha pamoja na wenzako. Hatari yake ni siku ya sita, mkitawanyika. Kwa Mwislamu, Ramadhani inafaa kuanzia: mchana ameshauweza, kazi imebaki baada ya futari.

Plasta na bigijii za nikotini. Huongeza uwezekano wa kufaulu kwa zaidi ya nusu, na zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009. Usizitegemee kwenye duka la dawa la kijijini. Zipigie simu famasi za Bariadi au Mwanza kabla ya kupanda gari. Dozi ya plasta kwa kawaida ni wiki 8 hadi 12, ikishuka kutoka miligramu 21 hadi 14, kisha 7. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka huhitaji bigijii ya miligramu 4 badala ya 2. Usiulize bei ya boksi moja. Uliza ya dozi nzima, ongeza nauli, kisha linganisha na Sh180,000 za moshi wa miezi mitatu.

Vidonge vya daktari. Vareniklini, kwa kawaida ya wiki 12, ina nguvu kuliko plasta peke yake, ingawa huweza kuleta kichefuchefu. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Zote huandikwa na daktari. Mwenye bima aulize mapema kama inazilipia.

Usichopaswa kununua. Ugoro una nikotini ileile na huleta saratani ya kinywa. Shisha ni moshi uleule. Dawa ya mnadani isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) haina wa kukuhakikishia kilichomo.

Uamuzi wetu. Kila mvutaji aanzie zahanati, na amwambie mwenza au rafiki mmoja tarehe yake. Anayevuta mara tu anapoamka aongeze dawa, kwa sababu dawa pamoja na ushauri hushinda kila kimoja peke yake. Kama fedha ya dozi nzima haijatimia, usinunue ya wiki mbili ukarudi kwenye sigara na hasara juu. Anza na ushauri leo, na fedha ya kila sigara usiyovuta uiweke kwenye kikoba hadi dozi itimie.