Laini Moja ya Intaneti, Nyumba na Ofisi ya Kikundi



Hapa Langas, ofisi ya kikundi mara nyingi ni meza iliyo sebuleni kwa katibu, au chumba cha mbele ambacho pia ni duka. Kompyuta ya kikundi iko hapo, printa iko hapo, na ukutani kuna rauta moja inayoleta intaneti. Laini hiyo hiyo ndiyo watoto wanaangalilia video jioni. Mpangaji wa chumba cha pili ameomba neno la siri akapewa, na mteja anayengoja fotokopi naye amepewa. Kugawana si vibaya, kwa maana kulipia laini mbili kila mwezi ni mzigo. Lakini tujiulize: simu ya mpangaji ikishaingia kwenye waifai, inaweza kufikia nini?

Mara nyingi inafikia kila kilicho ndani. Rauta hukipa kila kifaa namba yake, kwa mfano 192.168.1.5. Namba za namna hii zilitengwa na wataalamu zitumike ndani ya nyumba na ofisi peke yake, ndiyo maana rauta ya Langas na ya London zinaweza kuwa na namba zile zile zisigongane. Vifaa vya ukoo mmoja wa namba huongea vyenyewe kwa vyenyewe, na ndivyo simu inavyoiona printa. Basi, programu mbaya iliyoingia kwa simu ya mtoto kupitia mchezo wa bure hupita njia hiyo hiyo kutafuta kompyuta iliyo jirani. Mwezi wa Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry iliruka hivyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, bila mtu kubonyeza chochote, ikafunga faili na kudai pesa. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa.

Sasa fikirieni kilicho ndani ya kompyuta ya kikundi. Kuna daftari la mikopo, namba za vitambulisho, taarifa za M-Pesa, na majina ya waliochelewa kulipa. Hayo ya mwisho yakitoka nje, kikundi kinaweza kuvunjika kabla hata shilingi moja haijaibwa. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo haiangalii makampuni makubwa tu. Anayeweka habari za wengine ana wajibu wa kuzilinda, na zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72.

Dawa ni kuweka ukuta kati ya nyumba na kazi, kila upande ukitumia laini ile ile. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Rauta nyingi huonyesha majina mawili ya waifai, moja mara nyingi likimalizikia na 5G. Mtu husema, "Sisi tayari tuko na mbili." Kumbe ni milango miwili ya chumba kimoja! Hata mkiyapa majina hayo maneno ya siri tofauti, vifaa bado vinaonana. Ukuta upo pale tu upande mmoja usipoweza kuufikia mwingine.

Njia ya bei nafuu ni ile ambayo huenda mnayo tayari. Fungueni ukurasa wa rauta kwa namba iliyobandikwa chini yake, mtafute palipoandikwa Guest, yaani wageni. Washeni, mpe jina na neno la siri lake. Kama kuna kitufe cha kuruhusu wageni waone mtandao wa ndani, kizimwe. Halafu watoto, wapangaji, wateja na televisheni wote waende huko kwa wageni, na kompyuta na printa zibaki kwa mtandao mkuu. Kisha badilisheni neno la siri la mtandao mkuu, kwa sababu la zamani mtaa mzima unalijua. Badilisheni pia lile la kuingilia rauta yenyewe, lisibaki lilivyotoka dukani. Wengine watanung'unika kwamba simu haitumi tena picha kwa televisheni. Ni kweli inaweza kutokea, kwa maana rauta nyingi huwatenganisha hata wageni wenyewe. Sisi twaona hiyo ni hasara ndogo.

Kama rauta yenu haina nafasi ya wageni, itabidi kununua ya pili, hata iliyotumika. Ya kwanza, ile ya kampuni ya intaneti, ibaki ya nyumbani. Ya pili iwe ya kazi, isiwe kinyume, kwa maana aliye nyuma ya rauta ya pili anaweza kuwafikia walio mbele, lakini wao hawawezi kumfikia. Waya utoke kwa tundu la LAN la rauta ya kwanza uingie tundu la WAN la rauta ya pili. Fundi mwenye haraka huuchomeka kwa LAN pande zote mbili. Intaneti inakuja vizuri, kila mtu anafurahi, na ukuta haupo. Namba za rauta hizo mbili pia zisifanane: kama ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili iwe 192.168.20.1.

Msikubali maneno ya fundi kabla ya kujaribu. Chukueni namba ya printa kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Printa nyingi za waifai hufungua ukurasa wao mtu akiandika namba hiyo kwa simu. Jaribuni kwanza simu ikiwa upande wa kazi, ukurasa ufunguke. Halafu ihamisheni upande wa nyumbani mjaribu tena. Safari hii usifunguke.

Kasi ya laini haiongezeki kwa kuigawa. Rauta nyingine huruhusu kuwawekea wageni kikomo, jambo linalofaa siku katibu anapopeleka fomu za eCitizen huku watoto wakiangalia mpira. Na ukuta huu haumzuii tapeli anayepiga simu kuomba namba ya siri ya M-Pesa, wala flashi iliyotoka saiba na virusi.

Swali gumu ni simu ya mweka hazina, ambayo ni ya kazi mchana na ya mtoto usiku. Kikundi kikiweza, kinunue simu ndogo ya kazi peke yake, ikae upande wa kazi. Kikishindwa, simu hiyo ikae upande wa nyumbani, na hesabu zifanyiwe kwa kompyuta. Akitaka kuchapisha kitu, faili aitume kwa barua pepe, ifunguliwe pale ofisini.