Mchezo wa Mtoto Mdogo si Upuzi

Mtu ashikaye njia itokayo Kitale kwenda Lodwar hupita Lokichar, kusini mwa Turkana. Akitazama chini ya mti, huenda akaona watoto wadogo wamepanga mawe kwa duara, mfano wa zizi. Ndani yake mna vijiwe vyeupe, vyeusi na vya madoadoa: hao ndio mbuzi wao. Mmoja huimba, mwingine huwaingiza mbuzi zizini. Wazazi wengi hudhani huo ni upuzi wa kupoteza wakati. Sivyo, hapo ndipo elimu inapoanza.

Mtoto atengaye vijiwe kwa rangi anajifunza kupambanua vitu. Akivihesabu na kuona kimoja kimepungua, amefanya hesabu ya kutoa kabla hajashika kalamu. Akingoja zamu yake, anajifunza kukaa na wenziwe. Na vidole viokotavyo vijiwe leo ndivyo vitakavyoandika kesho.

Nyimbo nazo hufanya kazi kubwa. Wimbo hurudiwa mara nyingi, na jambo lirudiwalo hukaa kichwani. Mtoto akipiga kofi kwa kila silabi, sikio lake huzoea kulikata neno vipande vipande, na huo ni msingi wa kusoma. Kiturkana kinasaidia sana katika kuhesabu: tano ni ngakan, na sita husemwa tano na moja, saba tano na mbili, hivyo hivyo mpaka tisa, kumi ni tomon. Basi mtoto aimbaye hesabu hiyo huku akikunjua vidole vya mkono mmoja, kisha vya mkono wa pili, ameanza kujumlisha.

Kwa sababu hiyo mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya awali nchini Kenya nzima mwaka 2019, umeziweka nyimbo na michezo ndani ya masomo. Watoto wa miaka 4 na 5 hutakiwa kufundishwa kwa lugha ya mahali wanapokaa.

Wazazi nao wana sehemu yao, wala haiwagharimu hata senti moja. Jioni, mama au baba akae kidogo na mtoto, amwimbie, kisha amwulize: Mbuzi wangapi wamerudi? Yupi amepotea? Swali kama hilo huufanya mchezo kuwa somo. Lakini wale walio chini ya miaka 3 wasipewe vijiwe vidogo, maana huvitia kinywani na kuweza kupaliwa.

Mwisho, tukumbuke kwamba mtoto mwenye afya hucheza. Aliyeacha kucheza na kukaa kimya huenda ana njaa au homa. Apelekwe zahanati upesi. Basi kelele za watoto chini ya mti zisituudhi. Tuogope zaidi siku zitakaponyamaza.